Namna ya Kusanifu Mfumo wa Kuongoza Magari na Kuwapasha Wasafiri Habari

Kabla ya kuchagua kamera, vitambuzi au seva, andika maamuzi ambayo mfumo utayafanya au utawasaidia watu kuyafanya: nani ataongeza muda wa taa ya kijani foleni inapokua, nani atafunga njia ajali inapotokea, na msafiri ataelezwa nini kabla hajaanza safari. Kila uamuzi uwe na mwenyewe, kwa kuwa barabara, mabasi, polisi na huduma za dharura mara nyingi huwa chini ya taasisi tofauti.

Huna haja ya kuanzia sifuri. Marekani ina usanifu wa kitaifa wa mifumo hii, ARC-IT, unaoutazama mfumo kwa pande nne, yaani taasisi, kazi, vifaa na mawasiliano. Ulaya ina usanifu wa aina hiyo uitwao FRAME. Chukua sehemu zinazokuhusu tu, uziache nyingine.

Kisha chora mtiririko wa data, na kwa kila mshale ueleze data inatoka wapi, inakwenda wapi, na ikichelewa kutatokea nini. Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua umbo la mfumo mzima. Taa za makutano huendeshwa kwa sekunde, ilhali taarifa ya foleni huweza kuvumilia dakika moja au mbili. Kwa hiyo kidhibiti cha taa kilicho kando ya barabara kiwe na mpango wake wa muda, kiendelee kuongoza magari hata mtandao ukikatika, na kinga ya kuzuia njia mbili zinazokatizana zisipate kijani kwa pamoja ikae humo humo, bila kutegemea amri ya kituo kikuu. Katika jambo hili sioni nafasi ya kuafikiana, kwani ni uhai wa watu.

Kwa viunganishi, yaani pale mifumo inapopeana data, tumia viwango vya wazi: GTFS kwa ratiba za usafiri wa umma, DATEX II kwa kubadilishana taarifa za barabara, na NTCIP kwa kuwasiliana na taa na mabango ya kielektroniki ya barabarani.

Mabango, redio na programu za simu zichote habari kutoka chanzo kimoja, na kila ujumbe ubebe saa data yake ilipopimwa pamoja na muda wa kuisha. Bango linalotangaza foleni iliyokwisha huwazoesha madereva kulipuuza, na imani yao hairudi upesi.

Namba za magari zinazosomwa ili kukadiria muda wa safari zifichwe kwa usimbaji palepale zinaposomwa, na zifutwe mara hesabu inapokamilika. Mtandao wa taa utenganishwe na ule unaohudumia umma. Hatimaye, kabla ya kuupokea mfumo, kata kwa makusudi kila kiungo cha mawasiliano, kimoja baada ya kingine, na uhakikishe kwamba kila makutano yanaendelea kama michoro ilivyoahidi.