Somo: Unaanza kudansi, uanze na mtindo gani?

Likizo ya Juni Mbeya ni baridi ya kuingia mifupani, na ndipo ukumbi mdogo ninaofundishia hapa Soweto unapojaa. Wanakuja na masweta ya shule, simu mkononi, na ombi lile lile: "Mwalimu, nifundishe hii." Hiyo "hii" ni video ya sekunde 15. Nikiuliza kama wimbo wenyewe wanaupenda, wengi wananyamaza.

Basi somo hili ni lenu, wenye miaka 13 hadi 19, msiojua hata mguu upi utangulie.

Hatua ya 1: Weka simu mbali, usikilize mwili

Chagua nyimbo nne za aina tofauti: rumba ya Kongo, amapiano, Bongo Fleva na ngoma ya kwenu. Usikae kuzisikiliza kama mtihani. Zipige huku unaosha vyombo au unafua, uone kiungo kipi kinaitika chenyewe.

Alikuja binti wa kidato cha pili anataka breki dansi, kwa kuwa aliiona kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024. Nikamwomba anisaidie kwanza kupanga viti, spika ikipiga rumba. Akainama kuinua kiti, na bega lake la kulia likalijibu gitaa kabla kiti hakijanyanyuka. Mwenyewe hana habari. Nilipomwambia aliona aibu, akasema rumba ni ya wazee. Ndiyo anayoicheza sasa, na ya breki hajaniuliza tena.

Hatua ya 2: Hesabu kasi

Piga makofi kuufuata mdundo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4. Amapiano, iliyozaliwa kwenye vitongoji vya Gauteng huko Afrika Kusini, itakupa makofi kama 28, yaani midundo 112 kwa dakika. Ni mwendo wa mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Ukikosea unajigundua, unarudi kwenye mstari.

Singeli ya uswahilini Dar mara nyingi hupita midundo 200 kwa dakika. Makofi yatakushinda kabla miguu haijaanza. Singeli naipenda sana, nisieleweke vibaya, ila anayeanzia huko huishia kutetemeka tu akidhani anacheza.

Rumba ndiyo yenye subira na mwanafunzi. Huanza taratibu, mwimbaji anabembeleza, halafu sebene, kile kipande cha magitaa ya kasi, linafumuka. Mwezi wa kwanza cheza kipande cha mwanzo tu. Sebene likiingia, kaa pembeni unywe maji.

Hatua ya 3: Tazama unapokanyaga

Hapa najisema mwenyewe. Nilianza na breki kwa sababu marafiki zangu wote walicheza breki. Tulikuwa tunafanyia nyuma ya duka, kwenye saruji, juu ya boksi lililokunjuliwa. Siku moja boksi likateleza, mkono ukatangulia chini. Kifundo kikavimba, kalamu haishikiki, na mama anataka kujua nimepigana na nani.

Breki inataka sakafu laini na mtu wa kukufundisha namna ya kuanguka. Huna hivyo viwili, iache kwanza. Ua wa udongo uliofagiwa vizuri unafaa ngoma za asili kuliko ukumbi wa kukodi. Vigae vyenye maji havifai kitu.

Na baridi yetu isikudanganye. Pasha mwili dakika 15, sweta usilivue mpaka jasho litoke. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wewe uliyepanda kutoka Kyela usishangae pumzi kukata siku za kwanza.

Hatua ya 4: Anza kuuliza nyumbani

Vijana hukunja pua nikitaja ngoma. Tazama mganda unaochezwa kandokando ya Ziwa Nyasa. Umebeba sura ya gwaride la askari wa enzi za ukoloni: mistari imenyooka, watu wanageuka kwa pamoja, shingo imesimama. Aliyecheza mganda hafundishwi kukaa kwenye mstari. Huwa namweka mbele, wengine wamfuate.

Kwaya nayo ni shule. Anayeimba huku akipiga stepu bila kukosa neno ameshapata nusu ya kazi, ingawa mwenyewe haiiti dansi.

Hatua ya 5: Jaribu mitindo miwili, wiki tatu

Miwili tu. Dakika 20 kwa siku, siku nne kwa wiki. Raba ya soli bapa uliyonayo inatosha. Ukijifunza kwa video, kumbuka anayekutazama usoni, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Nimepokea wanaojua wimbo mzima kinyume.

Wiki tatu zikiisha, angalia ni upi uliokuwa unaufanya bila kukumbushwa na mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Uyole:* Shikamoo mwalimu. Nina miaka 17, sijachelewa?

Marahaba. Kama unaota kucheza baleti jukwaani kwa kusimama ncha za vidole, wenzako wameanza wakiwa watoto. Kwa mingine yote niliyotaja hujachelewa. Tena wa umri wako huelekezwa mara moja, wa miaka 13 namrudia mara tano.

*Kutoka Tukuyu:* Mimi ni mvulana. Nikikata kiuno wenzangu wananicheka.

Mdogo wangu, nenda kawatazame wanaume wanavyocheza rumba harusini. Kiuno hicho hicho, na wanatunzwa hela. Anza na amapiano kama kicheko kinakuuma, kazi kubwa iko miguuni. Kiuno kitafuata.

*Kutoka Ilomba:* Tunalala watatu chumba kimoja, sina pa kufanyia mazoezi.

Tandika khanga moja chini. Stepu za amapiano zinatosha hapo ndani, na khanga ikikunjana ujue unaburuta miguu badala ya kuinyanyua. Ikunje ukimaliza, isiwe ya mama.

*Mzazi, Iringa Mjini:* Mwanangu yuko kidato cha nne. Hii haitamharibia masomo? Na baba yake ni mzee wa kanisa.

Mama, hofu yako naielewa. Mpangie dakika zake 20 ziwe baada ya kujisomea, zisiwe kabla. Kwa upande wa baba, mwanzishe kwenye kwaya ya vijana hapo hapo kanisani. Huko atakuwa chini ya macho yenu, stepu atajifunza, na ukimuona Jumapili utajua mwenyewe kama anastahili kuendelea.

*Kutoka Mwanjelwa:* Goti linauma nikiruka, nivumilie?

Usivumilie. Acha kuruka wiki hii. Misuli kuchoka ni kawaida, goti kuchoma ndani si kawaida. Likiendelea au likivimba, nenda hospitali. Halafu nijibu hapa: unafanyia mazoezi kwenye udongo au kwenye saruji?