SOMO: Gari la puto linalokwenda kweli, na kwa nini la kwako limegoma

Wakuu, salaam.

Kila tukifika mada ya kani na mwendo, wazazi wananitumia picha za magari ya puto. Maneno ni yale yale: "Mwalimu, puto limejaa hewa lakini gari halisogei." Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, sasa naandika mara moja hapa. Nianze na lililo kubwa: mara nyingi puto halina kosa. Kosa liko chini, kwenye ekseli, yaani kijiti kinachobeba magurudumu. Watu wanabadilisha puto la tatu, la nne, na magurudumu yamekwama vilevile.

Vifaa: chupa tupu ya maji ya nusu lita pamoja na kifuniko chake, vifuniko vingine vinne vinavyolingana, vijiti viwili vya mishikaki, mrija mmoja wa soda, bomba la kalamu ya Bic iliyokwisha, puto, rababendi, selotepu, supagluu, msumari, plaizi na mshumaa.

Hatua ya 1. Osha chupa, ikauke, ifunge vizuri. Ikiwa wazi inabonyea ukiishika.

Hatua ya 2. Kata mrija vipande viwili, kila kimoja kiwe na urefu sawa na upana wa chupa.

Hatua ya 3. Vibandike chini ya chupa kwa selotepu, kimoja mbele, kimoja nyuma, viwe sambamba. Vikipishana, gari litazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Hatua ya 4. Magurudumu na ekseli. Hapa nendeni taratibu.

Kwanza, tundu liwe katikati kabisa ya kifuniko. Vifuniko vingi vina kialama kidogo katikati kilichobaki kutoka kiwandani, tumia hicho. Kama hakipo, chora duara la kifuniko kwenye karatasi, likate, likunje mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Shika msumari kwa plaizi, uchome kwenye mshumaa, toboa. Kazi hii ni ya mtu mzima, na dirisha liwe wazi kwa sababu ya moshi wa plastiki. Tundu liwe dogo kidogo kuliko kijiti, ili kijiti kiingie kwa kusukumwa. Tundu likikaa pembeni, gurudumu linapanda na kushuka, na gari linachechemea hadi linasimama.

Pili, gundi, ukishapitisha kijiti ndani ya mrija na kuvisha gurudumu kila ncha. Mwaka wa kwanza kufundisha hili darasani, nilidondosha supagluu upande wa ndani wa magurudumu, ule unaotazama mrija. Ile gundi ni nyepesi kama maji. Ilitambaa kwenye kijiti ikaingia ndani ya mrija, ikakauka humo. Tulikuwa na magari tisa, yakaenda mawili. Watoto walipuliza hadi mashavu yakawauma, nami nikawa nawaambia wabadilishe puto. Mtoto mmoja wa nyuma ndiye aliyejaribu kuzungusha gurudumu kwa kidole akasema, "Mwalimu, hili halizunguki." Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimewapotezea kipindi kizima.

Kwa hiyo: gundi tone moja tu, upande wa NJE, kwenye ncha ya kijiti. Acha nafasi ya milimita 3 hivi kati ya gurudumu na mrija. Gari lilale ubavu hadi gundi ikauke. Kijiti kikiwa na nyuzinyuzi, kisugue kwanza kwa msasa au kwenye sakafu ya saruji.

Kisha jaribio ambalo halirukwi: weka gari juu ya ubao ulioinuliwa upande mmoja kwa daftari tatu. Lazima lishuke lenyewe, bila puto. Lisiposhuka, usiguse puto. Rekebisha ekseli.

Hatua ya 5. Puliza puto na kulitoa hewa mara tatu ili mpira ulegee. Toa mrija wa wino kwenye kalamu pamoja na kile kizibo cha nyuma. Lile bomba lina kitundu kidogo sana ubavuni. Kizibe kwa selotepu, la sivyo hewa inavujia hapo. Ingiza bomba kwenye mdomo wa puto kama sentimita 3, funga kwa rababendi hadi pabane. Puliza, ziba, kisha zamisha fundo kwenye beseni la maji. Ukiona mapovu, funga upya.

Hatua ya 6. Bandika bomba mgongoni mwa chupa, mdomo utazame nyuma moja kwa moja, usiinamie chini wala pembeni. Puliza, ziba kwa kidole, weka sakafuni, achia.

Hewa inasukumwa nyuma, nayo inalisukuma gari mbele. Ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687. Hewa hiyo haihitaji ukuta wa kuegemea, na ndiyo maana roketi huenda hata kusiko na hewa.

ONYO: puto likipasuka, okota vipande vyote papo hapo. Vinamkaba mtoto koo, na ni vigumu kuvitoa. Walio chini ya miaka minane wasipulize peke yao.

MASWALI

Mdau: Mwalimu langu haliendi, msaada.

Jibu: Umefanya jaribio la ubao?

Mdau: Hapana, nilienda moja kwa moja kwenye puto.

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau mwingine: Yote haya ya nini? Chukua mota ya redio mbovu na betri mbili, gari linakimbia.

Jibu: Gari la mota ni zuri, ila ni somo jingine. Hapa mtoto anaona kani ikitoka kwenye pumzi yake mwenyewe, na vifaa anavyo nyumbani. Ukitaka kuandika la mota, andika, nitalisoma.

Baba wa Dodoma: Nimevisha rababendi kwenye magurudumu ya nyuma yashike sakafu. Sioni tofauti.

Jibu: Hutaiona. Kwenye daladala injini inazungusha magurudumu, kwa hiyo lazima yashike barabara. Hapa yanabeba tu, kinachosukuma ni hewa. Zivue, upunguze uzito.

Mama wa mapacha: Samahani mwalimu, kuna jambo tumeliona. Puto likikaribia kuisha, gari linapata nguvu kidogo kabla ya kusimama. Au ni macho yetu?

Jibu: Si macho, dada, na nimefurahi mmeliona. Kumbuka ulipolipuliza: pumzi za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kisha linalainika. Puto dogo linaibana hewa kwa shinikizo kubwa kuliko lililovimba. Likinywea linarudi kwenye ule udogo, shinikizo linapanda tena kwa muda mfupi, hewa inatoka kwa nguvu. Wape pacha mmoja puto dogo lililojazwa nusu na mwingine lililojaa, wafunge yote mawili kwenye ncha za bomba moja. Wengi hutarajia kubwa liligawie dogo. Mara nyingi dogo ndilo linalomwaga hewa yake kwenye kubwa.

Mama wa mapacha: Tumejaribu. Wamepiga kelele hadi jirani kaja.

Mdau wa Kigali: Huku mirija ya plastiki imepigwa marufuku. Nifanyeje?

Jibu: Kata bomba jingine la kalamu vipande viwili. Au zungushia kijiti karatasi mara tatu, ibandike ukingo, kisha uichomoe: umepata mrija. Ilegee kidogo. Bua la jani la mpapai nalo lina uwazi ndani, lile watoto wanalopulizia filimbi, lakini likikauka linajikunja na kubana kijiti. Lifae siku hiyo tu.

Mdau wa Tanga: Sisi magurudumu tulikata kwenye ndala kuukuu. Yanafaa hapa?

Jibu: Yanafaa sana, hasa uani penye mchanga, kwa kuwa ni mapana hayazami. Tatizo ni tundu, linapanuka upesi. Bandika kiduara cha boksi gumu pande zote mbili, kijiti kipite humo. Duara usikate kwa mkasi, chora kwa kopo la nyanya ukate kwa wembe.

Mdau wa Tanga: Na wembe upake maji ya sabuni, unapita kwenye mpira bila kukwama. Fundi viatu wa mtaani kwetu ndivyo anavyofanya.

Jibu: Hilo sikulijua, asante kaka. Nina ndala moja pembeni hapa, nalijaribu jioni hii.