Unakompaili kerneli ya Linux? Piga localmodconfig kwanza
Kama unakompaili kerneli (kiini cha mfumo, unakijenga upya kutoka kwenye kodi yake) ukidhani mashine itapaa, punguza matarajio, maana draiva nyingi ni moduli, yaani vipande vinavyopandishwa pale vinapohitajika tu, na isiyotumika hata haipandishwi kwenye RAM, kwa hiyo kuitoa hakukupi spidi yoyote ya maana. Kinachopungua kweli ni muda wa kukompaili. Chomeka kila kitu unachotumiaga, flashi, printa, modemu, alafu ndo upige amri ya make localmodconfig, yenyewe inaangalia moduli zilizopanda muda huo (zilezile unazoziona ukipiga amri ya lsmod) inazima zingine zote. Na hapohapo ndo inapoumiza, kifaa ambacho hakikuchomekwa kitagoma baadae, kwa hiyo kerneli ya zamani usiifute aisee, iache kwenye GRUB, ile menyu ya kuchagua kerneli mashine ikiwaka.