Kabla Hujafungua Faili la Mteja: Maandalizi ya Ofisi Ndogo ya Wakili

Njugu nilizonunua karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru zilikuwa zimefungwa kwa karatasi nyeupe iliyoviringwa vizuri. Nilipozimaliza nikaikunjua. Ulikuwa ukurasa wa pili wa hati ya kiapo ya mirathi: majina ya watoto watano, namba zao za vitambulisho, na shamba lililotajwa kwa namba yake kamili. Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi za mawakili, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa ilivyofika pale. Nakala ilichapwa vibaya ikatupwa kikapuni, kikapu kikamwagwa kwenye gunia, gunia likauzwa kwa kilo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi kulinda taarifa za wateja, namwambia aanze na kikapu cha taka. Wengi wanataka kuanza na kompyuta kwa sababu wanaogopa wezi wa mtandaoni. Kabla ya hayo, nunua mashine ya kukatakata karatasi, hata ile ndogo ya mezani. Kama pesa bado, tenga boksi moja la nakala zilizoharibika, lifungwe, na liwe na mtu wa kulichoma kila Ijumaa.

Halafu sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na kanuni za usajili zilianza kutumika Julai 2022. Ofisi yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, ila kama shughuli zake ni miongoni mwa zile zilizoorodheshwa ambazo msamaha huo hauzigusi. Masharti hayo mawili yatimie yote, siyo moja. Pitia orodha hiyo mwenyewe, hasa kama unashughulika sana na uuzaji wa ardhi. Ila nimesikia mawakili wakisema, "Sisi ni wadogo, hiyo sheria si yetu." Hapo wamechanganya. Ulichosamehewa ni usajili tu. Wajibu mwingine wote unabaki, na faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo.

Tena angalia sheria hiyo inaita nini data nyeti. Afya imo, kama unavyotarajia. Lakini zimo pia taarifa za mali, za ndoa, na za familia, pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi. Sasa chukua faili la kawaida kabisa la mirathi: barua ya chifu, cheti cha kifo, orodha ya warithi, hatimiliki. Utabakiza karatasi gani isiyo nyeti? Ofisi ya wakili haina droo ya siri na droo ya kawaida. Makabati yote yafungwe, na ijulikane ufunguo analala nao nani.

Siku mteja anapokuja mara ya kwanza, usimpe fomu moja ndefu inayotumika kwa kila kesi. Anayeuza ploti huna haja ya kujua dini yake wala watoto wake wanasoma wapi. Aliyegongwa na bodaboda utahitaji fomu yake ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, na karatasi za hospitali. Mweleze unachukua nini, cha nini, na kitapelekwa kwa nani: mahakamani, kwa bima, kwa msajili wa ardhi. Dakika tano zinatosha, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, siyo kwa kumwekea karatasi ya Kiingereza atie sahihi.

Mapokezi nayo. Ofisi zetu nyingi ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi, na benchi la wateja liko hatua mbili kutoka meza ya karani. Nimewahi kumsikia karani akiita, "Mama wa talaka, ingia!" Watu sita wakageuza shingo. Kumfundisha karani amwite mteja kwa jina tu hakugharimu chochote, na skrini yake igeuzwe isitazame mlango.

Kuhusu saiba, yale maduka ya kompyuta na uchapishaji, nitasema wazi: usimtume kijana na flashi yenye faili zima akachape ukurasa mmoja. Wala usijitumie nyaraka kwa barua pepe ukazifungulie huko. Keti kwenye kompyuta yoyote ya saiba, fungua folda ya vilivyopakuliwa, uone vitambulisho na vyeti vya watu vilivyolala humo. Printa ya ofisi hujilipa. WhatsApp ni tatizo gumu zaidi, maana wateja wenyewe ndio wanaotuma picha za hatimiliki saa nne usiku. Huwezi kuwazuia. Unachoweza ni kuwa na laini ya ofisi, ili karani akiacha kazi asiondoke na picha zote kwenye simu yake. Namba ya siri ya akaunti ya kuwasilisha kesi mtandaoni isibandikwe kwenye kioo cha kompyuta, na ibadilishwe siku hiyo hiyo anayeijua anapoondoka.

Laptopu ikiibwa, una saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna kama taarifa zilizochukuliwa zinaweza kuwadhuru wenyewe. Hesabu: ukigundua Ijumaa saa kumi na moja jioni, Jumatatu saa kama hiyo muda umekwisha, na wikendi imehesabiwa. Kwa hiyo iwepo karatasi iliyoandikwa mapema: nani anapiga ripoti polisi, nani anaandika kwa Kamishna, na ndani ya mashine hiyo mlikuwa na nini. Diski iliyosimbwa, ambayo haisomeki bila nywila, inaweza kukuepusha na kuwapigia wateja mmoja mmoja kuwapa habari hizo.

Mteja akiomba kuona taarifa zake, kanuni zinakupa siku 7. Kama mafaili ya zamani yamerundikwa stoo bila orodha, siku hizo zitaishia kwenye vumbi. Na usiyatupe ovyo: madai ya mkataba yana miaka 6, ya ardhi 12. Hatimiliki halisi irudishwe kesi ikiisha, kwa sahihi kwenye daftari.

La mwisho linahitaji uamuzi siku ya kwanza, hasa kwenye mirathi: mteja wako ni nani? Familia huja watu wanane, wakakaa pamoja, wakachanga ada. Miezi mitatu baadaye anakuja mmoja peke yake kwa karani.

"Binti yangu, nionyeshe tu dada zangu waliandika nini."

"Shikamoo baba. Faili lina jina la mama. Aje mwenyewe, au akupe barua yenye sahihi yake."

"Lakini ada si nililipa mimi?"

"Risiti yako iko, baba, hiyo nitakupa nakala."