Somo: Kuchagua kamera ya mikutano ya ofisini (Zoom, Teams, Meet)

Wakuu habari, naona kila anayeulizia kamera ya ofisi anaanza na "iwe 4K" (yaani picha kali kabisa), hebu 4K tuiweke pembeni kwanza.

Hatua ya 1: pima chumba. Chukua tepu, pima toka kamera itakapokaa mpaka kiti cha mwisho. Kamera ndogo ya kukaa juu ya laptopu kama Logitech C920 inaona pembe ya nyuzi 78 (kona mpaka kona ya picha), ukikaa mita 2 mbele yake inashika upana wa mita 2.8 hivi, sasa mkiwa sita mezani wa pembeni wanatokea nusu uso. Chumba kidogo ambacho meza imesogea kwenye tv tafuta ya nyuzi 110 mpaka 120. Ila chumba kikiwa kirefu pembe pana inakuumiza, wa mwisho wanakuwa kama sisimizi, hapo unataka PTZ, ile inayogeuka na kuvuta kwa lenzi yenyewe, sio kuvuta kwa programu maana hiyo inakuza tu picha inakuwa ukungu.

Hatua ya 2: sauti, na hapa ndo pesa iende. Bosi akionekana ukungu kikao kinaendelea, asiposikika hakuna kikao. Maiki ya kamera ndogo ukikaa mbali nayo inaokota feni na AC kuliko mtu, nunua spika yenye maiki ya kuweka katikati ya meza.

Hatua ya 3: angalia intaneti. Zoom ya watu wengi kwa 1080p (ukali wa picha ulio chini ya 4K) inataka kama megabiti 3.8 kwa sekunde za kupandisha, 720p, iliyo chini zaidi, kama 2.6. Na mikutano ya kawaida huishia 1080p, kwa hiyo 4K yako wa upande wa pili haioni, faida yake ni kamera kupata nafasi ya kukata picha na kumsogeza anayeongea.

Hatua ya 4: nenda dukani na laptopu yako, chomeka, ikubali bila kudownload kitu. Waya wa USB 2.0 mwisho mita 5, zaidi ya hapo tafuta ule wa kukuza mawimbi.

Maswali ya wadau

– Mkuu sisi wa bajeti ya kuungaunga?
Tumia simu, weka DroidCam (programu ya kugeuza simu kuwa kamera ya kompyuta), ibane simu kwenye stendi, tumia kamera ya nyuma na uchomeke chaja. Kwa mtu mmoja inazishinda webcam nyingi za bei chee.

– Kwetu sura zinatoka nyeusi tii na kamera ni mpya
Nyuma yenu kuna dirisha?

– Ndio kaka, kubwa
Funga pazia au hamishia kamera upande wa dirisha muwe mnalitazama, msinunue nyingine.

– Tukiingia wawili na laptopu mbili chumba kimoja kunakuwa na mwangwi, ni kamera?
Hapana, maiki ya mmoja inashika spika ya mwenzake. Laptopu moja ndo iwe na sauti, nyingine zima maiki na spika vyote viwili, watu wengi wanazima maiki tu.