Jigi na besi: uvuvi wa kidole kwa tuliozoea mshipi

Kama ulikulia pwani au kando ya ziwa na ukawahi kushika mshipi, nusu ya kazi ya jigi, chambo bandia cha kuvulia samaki aitwaye besi, unaijua tayari, ila hakuna aliyekwambia. Mimi ilinichukua msimu mzima hapa Texas kuligundua hilo. Nilinunua fimbo, nikanunua rili ya kukunjia uzi, nikatazama video mpaka macho yakauma, na samaki nikamkosa. Siku nilipouacha uzi upite juu ya kidole cha shahada, kama alivyonifundisha mjomba tukivua changu nje ya Pangani, ndipo mambo yalipofunguka. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye kidole. Vifaa nitavipitia haraka, maana dukani wanavijua kuliko mimi.

Kwanza samaki mwenyewe. Ni besi mdomo mkubwa. Ukimtaja kwa wenzako tamka besi, ukisema basi watakuuliza linakwenda wapi. Anaishi maji baridi, mgongo wa kijani, mstari mweusi uliokatikakatika ubavuni, na taya lake linapita nyuma ya jicho. Aliyezoea bahari namwambia hivi: huyu ni chewa wa maji baridi. Hakimbizi windo mbali. Hujibanza kwenye kivuli cha gogo lililoanguka, nguzo za gati, magugu au mwamba, akangoja kinachopita. Kikipita, anafungua kinywa ghafla na maji yanavutwa ndani pamoja na windo. Akihisi si chakula, anakitema papo hapo. Likumbuke hilo la kutema.

Jigi nayo ni ndoana nene iliyomiminiwa risasi shingoni, kama chubwi na ndoana vimeoana. Juu yake kuna marinda ya silikoni, na mbele brashi fupi ya nyuzi ngumu inayozuia ncha ya ndoana isinase kwenye matawi. Nyuma unachomeka kipande cha plastiki laini chenye makucha, wenyewe hukiita treila. Mkononi haifanani na kiumbe chochote cha Mungu. Ila iweke kwenye ndoo ya maji uitazame: marinda yanafunguka na kujifumba, makucha yanainuka, na mbele yako yuko kamba wa maji baridi anayerudi kinyumenyume akijihami. Besi humpenda kamba huyo kupita kiasi.

Dukani usinunue kila kitu. Chukua jigi tatu au nne tu za kuanzia, za uzito wa 3/8 ya aunsi, yaani gramu 10 na kitu. Moja inagharimu kama dola 4 hadi 6, na utazipoteza, kwa hiyo usianze na za bei. Rangi mbili zinatosha: kijani cha boga au kahawia kwa maji maangavu, nyeusi yenye bluu kwa maji ya tope. Fimbo ya futi 7 iliyo ngumu kiasi, yenye ncha nyepesi na kiuno kigumu. Rili ile inayokaa juu ya fimbo ndiyo wanayoisifu, lakini asiyeizoea atamaliza asubuhi nzima akifumua uzi uliojisokota. Anza na ile inayoning'inia chini ya fimbo, utie uzi wa kusuka wa pauni 30, kisha mbele uunganishe kama mita 2 za uzi wa florokaboni wa pauni 15. Uzi wa kusuka haunyumbuki, na ndiyo maana unakuletea habari kidoleni.

Fundo: kunja uzi mara mbili, upitishe kwenye tundu la jigi, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha jigi yote ipite ndani ya kitanzi kilichobaki. Tia mate, vuta taratibu. Usipotia mate florokaboni inaungua kwa msuguano na itakukatikia siku ya samaki mkubwa, si siku nyingine.

Leseni usiichezee. Texas kuanzia miaka 17 lazima uwe nayo, pamoja na kibali cha maji baridi, na ukishakaa jimboni zaidi ya miezi sita mfululizo unalipa bei ya mkazi, ambayo ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Leseni ya kawaida ya mwaka inakwisha 31 Agosti, kwa hiyo ukiinunua Julai umenunua wiki chache tu. Anayetaka kujaribu kabla ya kutoa hela aende bustani ya jimbo, wenyewe huiita state park: ukivulia ukingoni mle, leseni haitakiwi, unalipa kiingilio tu. Askari wa wanyamapori wapo, wana adabu, na watakukagua. Kwa sisi ambao makaratasi ya uhamiaji bado yako mezani kwa mtu, faini ya samaki ni upuuzi wa kujitakia. Vivyo hivyo bwawa la shambani lisilo na uzio: lina mwenyewe. Bisha hodi mlangoni uombe, wengi hukubali.

Sasa kidole.

Rusha jigi ipite kidogo gogo unalolilenga, au ianguke ubavuni mwake. Ikigusa maji, usiikamate. Wengi hukaza uzi hapohapo, na jigi inawarudia kwa mshazari kama bembea, ikitoka nje ya kivuli alimo samaki. Achia uzi izame wima, lakini usiachie hovyo. Uzi uwe nusu umelegea, upite juu ya kidole cha shahada mbele ya rili, na macho yako yabaki pale uzi unapoingia majini. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, uzi ukalegea kabisa. Jigi imefika chini. Sasa unajua hapo ni hesabu ya tano. Rusha tena palepale. Safari hii uzi ukilegea kwenye tatu, chini haijapanda. Kuna kinywa kimeifunga jigi njiani.

Hapo ndipo wanaoanza hupotezea samaki wao. Wanangoja kutikiswa. Mjomba alikuwa akisema changu hubisha hodi, chewa huingia bila hodi, na besi ni wa kuingia bila hodi. Mara nyingi huichukua jigi ikiwa inashuka, na utakachosikia ni kidoko kimoja, tk, kama mtu amegusa meza kwa ukucha chumba cha pili. Wakati mwingine si kidoko bali uzito, kama umeburuta kanga iliyoloa. Wakati mwingine husikii lolote, ila uzi unaanza kutembea kushoto wakati upepo unavuma kulia. Na kumbuka anatema. Una muda wa pumzi moja.

Ukisikia, usivute palepale kwa mkono kama ulivyozoea kwenye mshipi. Kwenye mshipi mkono wako ndio fimbo. Huku shusha ncha ya fimbo, zungusha rili mara mbili kumaliza ulegevu, halafu inua kwa nguvu, nguvu kweli. Ndoana ya jigi ni nene na inapaswa kupenya mfupa wa kinywa. Kisha usimpe nafasi, mtoe haraka kwenye matawi kabla hajaizungushia uzi miti yote.

Asipoichukua ikishuka, iache chini, uhesabu hadi kumi. Baadaye iburute kidogo, au inua ncha ya fimbo iruke kama shubiri mbili na kuanguka tena. Hapa nina kisa. Mzee mmoja Mmarekani gatini alinielekeza kwa hisani kabisa: inua fimbo kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja, akitaja kwa Kizungu. Kichwa changu cha Kitanga kikatafsiri haraka, saa kumi yao ni saa nne yetu. Nikaitafuta nne kwenye uso wa saa, nikaielekeza fimbo nyuma chini, karibu nimchome mgongoni. Wao wanamaanisha mshale ulipo. Mbele yako sawa na maji ni tisa, juu ya kichwa ni kumi na mbili, na fimbo yako icheze kati ya kumi na kumi na moja. Usitafsiri.

Jigi itanasa, haina budi, kwa sababu unaitupa palepale penye matawi. Asubuhi yangu ya kwanza zilibaki tano majini, dola ishirini na ushei. Tatizo lilikuwa kuvuta kwa hasira. Ukinasa, legeza uzi kabisa, kisha utikise ncha ya fimbo uzito wa risasi uichomoe ndoana wenyewe. Ikikataa, tembea upande wa pili uvute kinyume. Kidole kikishazoea utajua tofauti: tawi linanyumbuka na kurudi, jiwe linakwaruza, magugu yanavutika kama mlenda. Samaki peke yake ndiye anayehisi kama kitu kinachofikiri.

Msimu ulio mzuri ni majira ya kuchipua, maji yakifika kama nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, besi wanapokuja kina kifupi kutaga. Kaskazini mwa Texas ni Machi na Aprili. Kiangazi amka kabla ya jua au tafuta kina kirefu. Baridi ikishuka, punguza uzito wa jigi na mwendo wako. Kando ya maji ya Texas angalia miguu: nyoka wa sumu mwenye kinywa cheupe hupenda magogo yaleyale anayoyapenda besi.

Mlioko Maine, Minnesota au Ontario mtakutana pia na ndugu yake, besi mdomo mdogo, wa rangi ya shaba, anayependa mawe na maji ya baridi zaidi. Kwake tumia jigi yenye kichwa kipana, uiburute juu ya mawe bila kuirusharusha. Majimbo ya kaskazini mashariki, New Hampshire na Maine yakiwemo, yanabana matumizi ya risasi ndogo kwa sababu ndege wazamiaji huzimeza na kufa, kwa hiyo nunueni za tangsteni. Ontario kuna kipindi uvuvi wa besi hufungwa wanapotaga, someni tarehe za eneo lenu. Aliyeko Uingereza asidanganyike na jina: besi wa kule ni wa baharini, samaki mwingine kabisa na sheria zake nyingine. Huyu wetu Ulaya mtafuteni Hispania, Ureno, Italia au Ufaransa.

Kuhusu kula. Maziwa mengi ya Texas yanaruhusu besi watano kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14, lakini kuna maziwa yenye sheria zake. Lake Fork, alikotolewa besi wa rekodi ya jimbo mwaka 1992, pauni 18.18, kila besi mwenye urefu kati ya inchi 16 na 24 lazima arudi majini. Futi iwe mfukoni. Tena kuna maji yenye onyo la zebaki, Caddo Lake ni mojawapo, na besi wakubwa ndio huibeba zaidi; mjamzito na watoto wapewe samaki wengine. Mimi nakula wadogo walioruhusiwa, wakubwa nawarudisha. Lowesha mikono, mshike taya la chini kwa dole gumba, hana meno ya kukukata, umrudishe kabla pumzi yako mwenyewe haijakuisha. Wa kwanza wangu wa jigi, pauni tatu na kidogo, uzi ulilegea kwenye hesabu ya tatu chini ya gati bovu, mvua ikinyesha. Nikampiga picha, nikamrudisha, nikamtumia mjomba. Akanipigia saa hiyohiyo: "Umemrudisha? Mafuta ya kupikia yamewaishia huko?"

Na mlio Wakenya, mkienda likizo tieni jigi mbili za kahawia kwenye begi la mzigo, si la mkononi. Besi mdomo mkubwa alipelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na mwaka 1970 wakamfuatishia kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye ndiye hasa jigi inamwigiza. Samaki na chakula chake wote wako kule wanangoja. Ulizieni kibali, kisha mkodi boti ya mwenyeji anayezijua njia za viboko, wala msisimame ukingoni jioni kama tunavyosimama huku.