Programu huria ikizingua, ripoti hivi bagi (hitilafu) irekebishwe

Wakuu habari za saa hizi. Hapa Tabora watu kibao tunatumia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, LibreOffice iko kwenye kila steshenari, VLC usiseme, watu wa ramani wana QGIS yao, ila ikizingua tunaishia kulalamika kwenye grupu la WhatsApp ambalo aliyeitengeneza hayumo. Na ukimfikia ukamwandikia "app yenu haifanyi kazi" ni kama hujaandika kitu, wengi wao wanajitolea tu, hana muda wa kuanza kukuhoji, anaipita.

Anachotaka ni kuliona tatizo likitokea kwenye mashine yake mwenyewe. Basi.

Tuseme una app ya kusajili wauza asali. Unajaza mtu wa kata ya Isevya inaseivu, Kiloleni inaseivu, ukija Ng'ambo app inajifunga yenyewe. Haraka haraka utaandika "inakata nikiseivu". Usitume kwanza, ichokonoe. Acha sehemu zote wazi jaza hiyo ya kata tu, bado inakata? Andika Ngambo bila ile alama ya juu, inapita. Andika ng'ombe, inakata. Haya umeshamkamata, maana kwenye SQL, lugha ya kuipa hifadhidata amri, hiyo alama ndo inafungua na kufunga maandishi, so kama mtengenezaji hakuikinga, amri inavunjikia katikati. Na kuna simu ambazo kibodi yake inaweka alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, ndo maana jirani anaweza kukubishia kwamba kwake inakubali na wote mkawa sahihi. Hiyo nayo itaje kwenye ripoti, ni dhahabu kwa developa.

Sasa kichwa cha ripoti kiwe "App inajifunga ukiseivu jina lenye alama ya ' kama Ng'ambo", sio "HELP!!!". Chini yake weka hatua kwa namba: fungua fomu mpya, kwenye sehemu ya kata andika Ng'ambo, bonyeza seivu. Halafu ulitegemea nini na kimetokea nini. Halafu vesheni ya app, vesheni ya Android na aina ya simu. Kwa LibreOffice vesheni iko Help kisha About, pana kitufe cha kukopi taarifa zote, na Firefox andika about:support pale juu panapoandikwa anwani.

Kabla ya kutuma tafuta kama kuna mtu ashaisema, LibreOffice na Firefox wanatumia Bugzilla, mfumo wa kupokea ripoti za bagi, nyingi nyingine ziko GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya programu, sehemu ya Issues. Ukiikuta usiandike "hata mimi", ongeza kitu ambacho hakipo pale, mfano simu tofauti au hatua fupi zaidi. Na kama bando linaruhusu, apdeti kwanza ujaribu tena, huenda ilisharekebishwa zamani.

Lugha isikutishe, kingereza cha kuungaunga kinatosha kama hatua ziko sawa. Ila ujumbe wa kosa ukopi kama ulivyo, kama maandishi, sio unapiga picha monita na simu huku taa inamulika, mtu hawezi kutafuta maneno ndani ya picha. Kama app umeiweka Kiswahili ihamishie kingereza dakika moja ukopi ule ujumbe. Na saa andika 20:14 UTC+3 (hiyo UTC+3 ndo saa za Tanzania), ukimwambia saa mbili usiku atahangaika kwenye logi, yaani kumbukumbu za kila app ilichofanya, hadi achoke.

Logi zenyewe zisome kabla hujazibandika, mara nyingi zina namba za simu za wateja na hata pasiwedi, futa. Kama ulichokiona ni mwanya wa kuiba data za watu usikiweke hadharani kabisa, miradi mingi ina faili la SECURITY linalosema umtumie nani kwa faragha.

Ukishatuma washa notifikesheni za imeili. Wataweza kukuomba ujaribu vesheni ya majaribio, iweke kwenye simu nyingine, sio ile yenye majina ya wauza asali wote wa msimu.